Kikombe Kilichopata Moto

Anasia mwanangu,

Baba yako Mkubwa amekwenda kituo cha mabasi kuulizia nafasi zenu za kesho, na wewe nimekusikia ukimwambia Bi Mwanaidi, jirani yetu, kwamba unapita sokoni Kariakoo kutafuta begi lenye zipu nzima. Nina saa mbili, labda tatu. Nimekaa kitandani, mto mgongoni, ubao wa kukatia mboga mapajani ndiyo meza yangu. Utaona herufi nyingine zimelala. Zisome hivyo hivyo.

Mambo ya safari umeshaambiwa na kila mtu aliyepita mlangoni wiki hii, nami sitakuongezea. Ninalotaka kukuambia ni moja. Nimelikalia miaka kumi na minne, na kama usingepangiwa kwenda kufundisha kemia huko Moshi, huenda ningekufa nalo.

Mama yako hakufa kwa ugonjwa wa ini kama ilivyoandikwa. Na Mama yako Mdogo Salome hakumwekea dada yake sumu kama ulivyoambiwa tangu una miaka minane. Sumu ilitoka mkononi mwangu, na wakati naitoa nilijua kuwa ni sumu.

Usiiweke barua chini. Endelea.

Unajua nilisomea dawa enzi za Mwingereza, na nilifanya kazi ya maabara mpaka nikastaafu. Nikafungua lile duka la dawa baridi, mtaa wa pili kutoka sokoni. Watu waliniita Daktari, nami sikuwakataza. Ulipokuwa kidato cha pili ulinijia na daftari, ukaniuliza, "Baba, maji ya fuwele ni maji gani? Mbona mwalimu anasema jiwe kavu lina maji ndani?" Nikakwambia kichwa kinaniuma, nikatoka kwenda uani. Ulidhani nimesahau masomo. Sikuwa nimesahau. Hakuna somo ninalolijua kuliko hilo.

Wewe utaliita salfeti ya shaba. Sisi tunaita mrututu. Kwetu Kilimanjaro ni dawa ya kahawa, unachanganywa na chokaa na maji, unanyunyizwa. Ndugu yangu Elisante, huyu Baba yako Mkubwa, alikuwa akitumbukiza panga ndani ya pipa kabla ya kunyunyiza. Panga likitoka na ngozi nyekundu ya shaba, anajua chokaa haitoshi na majani yataungua, anaongeza. Hakusoma hata darasa moja la kemia, lakini sijawahi kusikia kwamba alikosea. Hapa pwani nako, Bi Mwanaidi na mama yake waliusaga mrututu na kuutia kwenye vidonda ndugu. Kwa hiyo pande zote mbili za maisha yetu watu waliujua kwa rangi yake. Buluu ile haifanani na kitu kingine dukani.

Miaka ile, maduka makubwa ya jumla yalipokuwa yametwaliwa na serikali na watu wanahamishiwa vijijini, Elisante aliniandikia kwamba kahawa inaoza mtini. Punje zinakuwa nyeusi kabla ya kuiva, na mgao wa mrututu wa ushirika haujafika. Mimi nilikuwa nimepata magunia ya mrututu bandarini, yaliyolowa melini, yakauzwa kama mali mbovu. Kuyanunua halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kuyapeleka juu bila kibali. Barabarani kulikuwa na vizuizi, na mtu aliyekutwa na dawa ya kahawa isiyopitia ushirika aliitwa mlanguzi, akapelekwa ndani.

Ningependa kukwambia nilifanya kwa ajili ya kahawa ya wazee wetu. Kuna ukweli kidogo hapo. Lakini ukweli mkubwa zaidi ni kwamba nilifurahia akili yangu.

Ndani ya kila jiwe la mrututu kuna maji yaliyojifungia. Si unyevu, kwani hata ukilianika jiwe mpaka lichoke, yamo. Ukilipasha moto taratibu, yanatoka kama mvuke, buluu inafifia, na mwisho unabaki na unga mweupe kama chumvi ya mezani. Zaidi ya theluthi ya uzito imepotea. Urudishie maji, na buluu inarudi palepale. Na kitu cha pili kinarudi pamoja nayo, Anasia, ukishike hiki: joto. Moto ulioutumia kuyafukuza maji, unga huo unaurudisha yanapoingia tena. Tia maji kidogo kwenye unga mkavu wa mrututu na utausikia ukipata moto kiganjani, bila jiko wala kiberiti.

Nikawaza, ndugu wengine wa mrututu ni weupe. Shabu ni salfeti. Haluli, ile ya kusafishia tumbo, ni salfeti ya magnesiamu. Ukiviweka kwenye sahani tatu, shabu, haluli na mrututu uliokaushwa, macho peke yake hayatakusaidia. Basi nikawa nakaanga mawe ya buluu nyuma ya duka, kwenye sufuria kuukuu, mpaka yanakuwa meupe. Mara ya kwanza nilizidisha moto, unga ukawa mweusi na moshi wake ukanikaba koo siku mbili. Baadaye nilizoea. Nikaujaza kwenye makopo ya maziwa, nikaziba mifuniko kwa nta ya mshumaa ili hewa ya Dar es Salaam isiingie na kuutia rangi, na juu ya kila kopo nikaandika kwa mkono wangu huu: HALULI.

Elisante alipokea makopo manane ya kwanza, akatia maji, akacheka peke yake shambani mpaka mkewe akatoka kumwangalia. Aliniandikia hivyo. Kwa hiyo alijua. Nakuomba ukumbuke hilo tukifika mbele.

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa Jumamosi baada ya Pasaka. Mama yako alikuwa na tumbo zito tangu sikukuu, akasema atakunywa haluli, kama watu wote walivyofanya siku zile. Nawe ulikuwa ukinyweshwa kila likizo inapokwisha, ukilia. Yeye pia hakuipenda. Aliipenda tu ikifichwa ndani ya ukwaju mzito, mweusi, wa sukari. Salome alikuwa ana miaka kumi na minane, amekuja kumsaidia dada yake kazi na kujifunza cherehani. Unamkumbuka akikusuka. Nilifanya kila niwezalo usimkumbuke hivyo.

Saa nane mchana mkaguzi wa serikali akaingia dukani na mgambo mmoja. Mtu mnene kiasi, mcheshi, anajifuta jasho kwa leso kila dakika. Nilikuwa nimepanga makopo sita chini ya kaunta, yaende na basi la Jumatatu.

"Daktari, haya maziwa umeficha peke yako? Watoto wa mtaa wanalia."

"Si maziwa, mzee. Ni haluli. Makopo tu ndiyo ya maziwa."

"Haluli yote hii? Dar es Salaam nzima imevimbiwa?"

Mgambo akacheka. Mimi nikacheka pia.

"Inakwenda wapi?"

"Nyumbani, kwa ndugu. Huko haipatikani."

"Kilimanjaro," akasema. "Nimekaa Moshi miaka mitano. Mmenifundisha Kichaga chenu mpaka matusi." Akalitaja moja, na alilitamka sawasawa.

Akaomba kisu. Akakata nta, akafungua kopo. Unga ulikuwa mweupe, mzuri, haujaguswa na hewa. Akanyoosha vidole vyake vinavyong'aa jasho. Nataka uelewe nilichokuwa nakitazama. Kidole kimoja chenye jasho kikigusa unga ule, kingetoka na buluu. Nikamwambia, "Usijichafue mzee, chukua kijiko hiki," nikamsogezea kijiko cha mbao. Akaniangalia. Kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka.

"Mbona umeziba kwa nta? Haluli inazibwa kwa nta?"

Hapo hapo Salome akaingia.

"Shikamooni," akasema. Mkaguzi akaitikia marahaba. Salome akanigeukia. "Shemeji, dada ananituma. Anaomba haluli, tumbo bado limemjaa. Ya nyumbani imekwisha."

Mkaguzi akatandaza mikono, kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Si hii hapa, Daktari? Kopo liko wazi. Mpe mgonjwa."

Haluli ya kweli ilikuwa rafuni nyuma yangu, hatua mbili. Ningegeuka kuichukua, ningekuwa nimeshajibu swali lake. Ningeweza kumwambia Salome kwa Kichaga maneno mawili, usimpe, ningoje. Lakini mtu yule alikuwa ametoka kunionyesha kwamba anakisikia. Ningeweza kusema, "Mzee, hii si haluli, nifunge." Hilo nalo lilikuwepo, na lilikuwa jepesi kuliko yote. Ningekaa ndani mwaka mmoja, miwili. Mama yako angekuwa hai.

Nilichota vijiko vitatu. Nikafunga kwenye gazeti, nikakunja pembe vizuri, kwa sababu mikono yangu ilikuwa imefundishwa kukunja vizuri. Nikampa.

"Asante, shemeji."

"Mwambie asinywe mpaka nije," nikasema. Mkaguzi akainua kichwa. Nikaongeza haraka, "Nitakuja na limau, limsaidie na uchungu."

"Ukwaju upo, shemeji. Nimeshauchemsha."

Akatoka. Mkaguzi akafunga kopo mwenyewe, akakaa kwenye benchi, akaomba soda. Hakuwa na wasiwasi tena. Alimwona daktari akimpa mke wake kutoka kopo lile. Ni ushahidi gani mwingine angeutaka? Akanywa soda yake taratibu, akinisimulia habari za mguu wake unaomvimba, akitaka ushauri wa bure. Nikampa. Nilimshauri apunguze chumvi, mwanangu. Nilisema maneno hayo.

Alipoondoka nilifunga duka, nikaenda nyumbani. Sikukimbia. Mtu akiniuliza leo ni dakika ipi ninayoiona usiku na mchana, si ile ya gazeti. Ni hii ya njia. Nilitembea kwa sababu mgambo alikuwa bado amesimama pembeni mwa mtaa, na mtu anayekimbia huulizwa anakimbilia nini. Nilisalimia watu wawili. Mmoja nilisimama naye.

Nilifika, mama yako amepiga magoti uani, anatapika, na alichokitapika kilikuwa cha buluu inayoelekea kijani. Bi Mwanaidi alikuwa amemshika paji la uso. Akaniangalia juu ya bega lake.

"Mzee, huu mrututu. Huyu mtu amekunywa mrututu!"

Nilimpa ute wa mayai, na maziwa niliyoyatafuta nyumba saba. Ndivyo nilivyofundishwa, na vilisaidia kidogo. Tukampeleka hospitali. Daktari kijana akaniuliza, kwa heshima kabisa, kwa kuwa aliambiwa nami ni mtu wa dawa: "Mzee, amekunywa nini?"

Nikasema, "Haluli."

Kama umechoka kusoma, hapo ndipo pa kuacha, kwa maana hakuna kibaya zaidi ya neno hilo. Sijui kama angepona. Kwa kiasi alichokunywa, wengi hawaponi. Lakini daktari alinyimwa nafasi ya kujaribu, na aliyemnyima ni mtu pekee aliyejua. Siku ya tatu macho ya mama yako yalikuwa ya manjano na mkojo mweusi kama kahawa. Alinishika mkono akaniuliza, "Baba Anasia, ile dawa ilikuwa nzima?" Nikamwambia ilikuwa nzima. Siku ya tano akafa. Wakaandika ini.

Lakini uani watu hawakuandika ini. Uani walikuwa wameona rangi. Neno la Bi Mwanaidi lilitoka nyumba hadi nyumba, na kila lilipopita liliongezwa: mrututu, basi nani anaujua mrututu? Wachaga. Nani alichanganya kinywaji? Salome. Kwa nini? Anamtaka mume wa dada yake. Ilichukua siku tatu za msiba, haikuhitaji hata wiki.

Baada ya matanga Elisante alikalisha kikao cha ukoo, sebuleni hapa hapa, alipokaa yeye pale penye redio. Wanaume sita na Salome amekaa chini kwenye mkeka, ananyonya ukosi wa gauni lake kama mtoto.

"Binti, uliweka nini katika kikombe?"

"Haluli, baba. Aliyonipa shemeji."

Wakanigeukia. Nikasema, "Nilimpa haluli. Mkaguzi wa serikali alikuwepo, alishuhudia." Hata mkaguzi nilimtumia.

"Ulitia na nini tena?"

"Ukwaju na sukari. Basi." Kisha akainua uso, kama mtu aliyekumbuka kitu kitakachomwokoa. "Baba, kikombe kilipata moto! Nilitia unga kwanza, nikatia ukwaju kidogo kuukoroga, na ukwaju ulikuwa umeshapoa, lakini kikombe cha bati kilipata moto hapa, kiganjani. Nilimwambia dada. Dada akasema labda nimeuepua sasa hivi."

Mmoja wa wajomba akacheka. "Kikombe kipate moto bila jiko? Unatuona watoto?"

"Au sasa ni uchawi," akasema mwingine. "Tuitie na mganga."

Salome akanigeukia mimi. Hakuwa anashitaki, Anasia. Alikuwa ananiomba.

"Shemeji amesoma," akasema. "Muulizeni yeye. Muulizeni kama inawezekana."

Elisante akanitazama. Yeye alikuwa ametia maji katika unga ule kwa mikono yake, makopo manane. Alikuwa ameshika ndoo. Alijua kikombe kinapata moto. Na nilijua kwamba anajua.

Elisante akaniuliza, "Daktari, inawezekana?"

Haluli ya kweli ikiyeyuka hupooza maji kidogo. Binti yule ambaye hakwenda shule zaidi ya darasa la saba alikuwa amefanya jaribio sahihi, akaona sahihi, akaeleza sahihi. Hapakuwa na uongo hata mmoja ndani ya maneno yake. Katika chumba kile ni watu wawili tu ambao wangeweza kusema: binti anasema kweli.

Nikasema, "Haiwezekani."

Elisante akainamisha kichwa, akasema, "Basi."

Walimrudisha nyumbani na basi la kesho yake. Hawakumpeleka polisi; waliogopa aibu, nami niliogopa uchunguzi. Lakini Elisante ni mzee wa kanisa kule kijijini, na Salome akatengwa. Tangu siku hiyo hajashiriki Meza ya Bwana. Anakaa benchi la nyuma, wenzake wanapokwenda mbele yeye anabaki. Hakuna aliyemwoa. Anauza ndizi na magadi sokoni Moshi mjini, na wapo wanawake wasionunua kitu cha kula mkononi mwake. Ana miaka thelathini na miwili.

Alikuja mara moja, ulipokuwa na miaka kumi na miwili. Hukuniuliza kamwe kwa nini siku ile nilifunga duka mapema. Salome alisimama nje ya duka, ameshika mkungu mdogo wa ndizi, akakuita kwa jina lako la utotoni. Ukamgeukia ukasema, kwa sauti ya mtaa mzima kusikia, "Simwamkii muuaji mimi." Nilikuwa nyuma ya kaunta. Nilisikia. Salome akaniangalia mimi, si wewe, akasema taratibu, "Shemeji, umemfundisha vizuri." Akaweka ndizi kizingitini akaondoka. Wewe ukazipiga teke. Nami nikakuacha, kwa sababu kila ulipomchukia yeye, nilipata siku nyingine ya kupendwa na wewe.

Ndiyo hivyo. Umewahi kuniuliza mbona sikuoa tena, nikakujibu kwa namna iliyokufanya unionee huruma. Irudishe huruma hiyo.

Huko uendako utawasha taa ya spiriti mbele ya watoto arobaini, na jiwe la buluu litageuka jeupe, nao watashangaa, kisha utadondosha maji na watashangaa zaidi. Ni somo zuri, usiliogope kwa sababu yangu. Chumvi ile ya shaba haikumdanganya mtu. Ilipokutana na maji ilifanya inachofanya siku zote, ikatoa joto lake na rangi yake, mbele ya kila mtu. Aliyenyamaza ni mwenye elimu. Nilikuwa nikidhani woga ni wa watu wasiojua, na kwamba mtu akijua vya kutosha hawezi kukosa ujasiri. Mimi nilijua kila kitu siku ile, mpaka uzito wa maji ndani ya jiwe, na hakikunisaidia.

Wiki iliyopita Bi Mwanaidi aliniletea uji. Akakaa pale mlangoni muda mrefu, kisha akasema, "Mzee, mimi siku ile nilisema mrututu. Sikusema Salome. Nataka ulijue hilo kabla hatujafa mimi na wewe." Alipotoka ndipo nilipoanza kutafuta karatasi.

Na leo asubuhi, ulipokuwa unapiga pasi, nilimwambia Elisante kwamba nitakueleza. Hatujawahi kulizungumza jambo hili, yeye na mimi, hata siku moja. Akafunga mlango.

"Mdogo wangu, unakufa. Kufa vizuri. Mwache mtoto aende na moyo mweupe."

"Salome je?"

"Salome ameshazoea."

"Kaka, nani anazoea?"

"Ukisema wewe, umenisema na mimi," akajibu. "Mimi ni mzee wa kanisa. Nitasimamaje?" Kisha akachukua kofia yake akaenda kuulizia basi. Nilimwona kwenye dirisha, akipita. Alikuwa akitembea kama mtu anayeogopa kuonekana anakimbia.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa kuishona barua hii ndani ya blanketi lako, uikute huko. Nimeandika mpaka hapa ndipo nimeona kwamba huo ni ujanja ule ule, kopo lenye jina lisilo lake. Utakuwa umekaa siku nzima kwenye basi na Elisante, akikununulia mahindi, nawe hujui uliyekaa naye. Na mimi nitakuwa huku, salama, sijaona uso wako ukisoma. Pengine nitakuwa nimeshazikwa kwa heshima zote. Na Salome atabaki na kipande cha karatasi kutoka kwa marehemu, ambacho mzee wa kanisa anaweza kusema kimeandikwa na mgonjwa asiyejitambua.

Hapana. Iwe leo, nikiwa bado na akili zangu, na watu wakiniona.

Sikuombi unisamehe. Ukitaka kulala kwa Bi Mwanaidi usiku huu na kuondoka alfajiri bila kuniaga, ondoka, sitamlalamikia mtu. Ninachotaka kwako ni sauti yako, kwa kuwa yangu imekwisha. Nikisema maneno kumi kikohozi kinachukua la kumi na moja. Nimeandika karatasi ya pili, fupi, nimetia sahihi yangu. Inasema: kikombe kilipata moto kwa sababu nilichompa Salome kilikuwa mrututu uliokaushwa, nami nilijua. Iko chini ya hii. Inahitaji sahihi ya Elisante pembeni mwa yangu, ndiyo itakayomrudisha Salome mbele kanisani. Akikataa kuitia, Bi Mwanaidi atakuwa amesikia, na wewe utakuwa umesikia, naye atajua kwamba mmesikia. Utaipeleka Moshi mwenyewe, mkononi, sokoni, mbele ya wale wasionunua ndizi zake.

Namsikia Elisante uani. Anamwambia Bi Mwanaidi nafasi zimepatikana, viti vya mbele. Na sauti ya pili ni yako, unamwonyesha begi.

Nakuita sasa. Ukifika mstari huu, waite wote wawili waingie, mwambie Baba yako Mkubwa akae pale penye redio, na usome yote tangu mwanzo kwa sauti, bila kuruka jina lake wala langu. Nikikohoa, usisimame.

Baba yako